Kitufe cha Redio

Mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Mimi mzima. Mbuzi kazaa mapacha, na paa bado linavuja palepale ulipoahidi kuziba.

Jumapili, pale zahanati, nilikugombeza kwenye redio ya mawasiliano robo saa nzima bila kuachia kitufe. Ukikibonyeza unasema tu, husikii. Watu wa foleni wakapiga kelele: "Bibi, achia, mwenzio ajibu!" Nikawaambia sikuja kuongea nao. Zamu yangu ikaisha.

Muuguzi anadhani sijui mashine. Najua sana. Ulisema, "Bibi, kuhusu kurudi nyumbani," ukasita, nami nikabonyeza hapohapo. Miaka minne naamka kwa lile neno lako, "nitarudi." Ukiliondoa, nitaamkia nini?

Lakini uoga haunifai, nimeshazeeka. Jumapili ya mwisho wa mwezi nitakusalimia, kisha nitaachia kitufe. Sema kwa sauti. Ukisema hurudi, bonde zima litasikia redioni, nami nitatoka pale kichwa juu, nikalie kwangu.

Bibi yako.

Kitanda chako nimekitandika. Usije ukasingizia huna pa kulala.