Gramafoni ya Babu Yako na Umeme Mkali

Soweto, Mbeya

Ugonile, mjukuu wangu Tumaini,

Sisi wazima. Mama yako anavuna viazi, babu yako ananichosha kama kawaida.

Unauliza kama laptop ya Marekani itaungua ukija nayo huku. Sikiliza. Miaka ya sabini, tukiwa Iringa, babu yako alirudi kutoka masomoni Marekani na gramafoni. Nikaifumia kitambaa cheupe, nikaifunika. Nyuma iliandikwa volti 110, na umeme wetu ni 230. Nikamwambia, “Baba Neema, soma kwanza.” Akanijibu, “Umeme ni umeme, mama.” Ikaimba mstari mmoja, ikafuka moshi, na kitambaa changu kikaungua. Fundi akaitengeneza, akamsihi anunue transfoma ya kupunguza umeme. Tulipohamia Mbeya akaichomeka tena bila transfoma, eti umeme wa Iringa ndio ulikuwa mkali! Ikafuka moshi tena.

Geuza chaja yako usome. Ikiwa imeandikwa 100 mpaka 240, nunua adapta tu ya kuingia kwenye soketi zetu. Ila usimpe babu yako aichomeke.

Gramafoni bado iko kabatini. Jana ameniuliza kama umeme wa Mbeya sasa umepoa. Na mimi, mjinga mwenzake, nimeifumia kitambaa kipya.

Bibi yako, Mama Neema