Kioo cha Magharibi

Newala, 9 Juni 2025

Mpwa wangu Winfrida,

Hujambo? Mama yako hajambo? Huku sote wazima, ila baridi imekaza, nakuandikia nimejifunika blanketi.

Naandika kwa sababu simu umenikatia. Jengo langu la maduka hapo Masasi nalitaka kioo mbele, chini mpaka juu. Wewe msimamizi wangu unaniletea habari za vivuli na matundu ya upepo! Joto likizidi si nitaweka viyoyozi? Mkaguzi anataka saini yako kwamba jengo halitakula umeme kupita kanuni. Weka saini, basi.

Washenga wa Anderson wanakuja Agosti, na kwetu wanaongea na mjomba. Usiponisikiliza watamkuta nani?

Mjomba wako,
Kasiani

Masasi, 16 Juni 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru mko wazima. Mimi na mama hatujambo. Simu nilikata kweli, ulikuwa unapiga kelele.

Blanketi hilo ndilo linalokudanganya. Unajenga Masasi kwa baridi ya Newala! Mbele ya jengo lako ni magharibi. Jua la Oktoba likigonga kioo kitupu, wapangaji watakaangwa humo, na bili ya viyoyozi itawakimbiza. Kanuni inataka kivuli juu ya madirisha, upepo uingie huku utokee kule, na kizuia joto chini ya bati.

Uongo siuwekei saini. Siweki! Wewe ndiye uliyenisomesha ufundi. Ulitaka nikajifunze kuitikia?

Mpwa wako,
Winfrida

Newala, 2 Julai 2025

Winfrida,

Salamu. Barua yako imenichoma. Kazi nimempa fundi mwenzako Ashiru, yeye hana mdomo, na saini ataweka. Hao washenga wapokee mwenyewe.

Kasiani

Masasi, 11 Novemba 2025

Mpwa wangu,

Hujambo? Nasikia siku hizi unajenga madarasa Lukuledi. Mimi sina ugonjwa, ila jasho linalowesha karatasi. Niko ghorofani kwenye jengo langu tangu Jumapili. Viyoyozi vinanguruma na chumba bado tanuri. Mwenye duka la dawa amehama, anasema dawa zake zitaharibika. Mkaguzi naye alikuja, akasimama hapa kidogo tu, akakataa kulipitisha. Saini ya Ashiru hata hakuiangalia.

Sikuombi radhi, mimi ni mkubwa kwako. Njoo uking'oe hiki kioo. Na washenga waambie waje, nitawapokea.

Mjomba wako,
Kasiani

Lukuledi, 14 Novemba 2025

Mjomba,

Shikamoo. Pole na joto, nasema kwa moyo. Sisi hatujambo.

Jumatatu nakuja. Kioo kinashuka, ukuta unajengwa wenye madirisha na vivuli vyake, na mkaguzi anapita kila hatua nikiwepo. Ukibishana narudi zangu Lukuledi. Ashiru abaki. Mkono wake mzuri, kilichomponza ni kukuogopa.

Washenga walikuja Agosti ileile. Mama akakaa kwenye kiti chako. Wazee wa ukoo wakanong'ona, akawauliza nani kati yao alinizaa. Kisha akajibu maswali yote ya washenga mpaka mwisho. Ndoa tulifunga Septemba, nikawakataza wote wasikwambie. Nililia siku ile, Mjomba, kwa hasira na kwa kukukosa.

Kwa hiyo hakuna washenga wa kupokea. Anderson ni fundi wa paa, nakuja naye. Mtu utakayemwona juu ya ngazi akikushushia kioo ndiye mume wangu. Umwamkie kwanza wewe.

Mpwa wako,
Winfrida