Futi ya Shangazi Iliyokatwa Kichwa

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa Shangazi.
Jumapili, wiki ya kumi na tatu tangu mlango ufungwe.

Mpendwa binamu yangu Chapuchapu,

Pokea salamu nyingi kama mizigo niliyobeba maishani, na unajua sijawahi kubeba kidogo. U hali gani huko kwenye baridi? Miguu inasemaje baada ya zamu zako ndefu? Shemeji bado anakoroma kama injini isiyotiwa oili? Sisi huku wazima. Mama yako, Shangazi wangu, mzima. Hilo nimelitanguliza kabla hujaanza kuruka mistari kulitafuta, maana nakujua. Mzima wa kula, wa kushona, na wa kunisema mimi toka asubuhi mpaka jioni.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ulinikatia, na barua haikatwi. Ukikasirika utaitupa, halafu utainama kuiokota. Pia kuna kitu ndani ya bahasha ambacho simu isingeweza kukibeba. Kama umeshakichungulia, kirudishe, soma kwanza.

Binamu, lile neno nililokuambia siku ile nimelibeba wiki kumi na tatu. Ulisema mlango wa mama yako ufungwe, ufunguo nishike mimi, mtu asisogee hata dirishani mpaka utakapotoa ruhusa. Mimi nikasema mzee si sanduku la kufungiwa stoo. Hapo ningenyamaza, ningekuwa mtu mwenye akili. Nikaongeza kwamba aliye mbali ni rahisi kuwa mkali, kwa kuwa hasikii mtu akilia. Ukakata simu. Haki yako. Naliondoa neno hilo leo kwa maandishi, na saini yangu iko chini. Ila ufunguo niliushika kama ulivyoniagiza, nikauvaa shingoni pamoja na wa lori.

Ujue kilichonitia kiburi. Mimi ni dereva niliyevuka mipaka mingi. Pua yangu imechokonolewa vijiti mara kumi na moja. Nadhani waganga wa nchi nne wanaijua pua hii kuliko mama aliyenizaa. Basi nikajiona daktari. Darasa la saba niliingia kwa mlango nikatoka kwa dirisha, lakini habari ya korona nilikuwa naifundisha mtaa mzima. Mtaa wenyewe uligawanyika, kuna watu wa fungeni na watu wa fungueni, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa fungueni bila kuchaguliwa na mtu.

Unamkumbuka Fundi Viatu wa pale kona, aliyekushonea viatu vyako vya kwanza vya shule. Nilikuwa nakaa naye benchi moja, gazeti moja, barakoa zetu tumezishusha kidevuni kama ndevu. Watoto wake waliniuliza kama waje kumwona. Nikawaambia njooni, mzee anahitaji watu wake. Wakaja, wakajaa chumbani, wakacheka mpaka jioni. Siku ya tisa mzee alibebwa kwenda hospitali, na hakurudi. Walimzika watu sita waliovaa mavazi ya plastiki, sisi tukasimama ng'ambo ya barabara kama wapita njia.

Sijui kama ni watoto wake, ni mimi, au ni mteja fulani aliyeleta kiatu. Hakuna ajuaye. Nilikwenda kupima nikaambiwa sina, lakini kipimo cha Alhamisi hakisemi lolote juu ya Jumatatu. Benchi lake bado liko pale na sijalikalia tena. Wewe nesi umeona vitanda vya wagonjwa, mimi nimeona barabara. Ulikuwa sahihi. Nalisema mara moja tu, sina mazoezi.

Basi nikageuka askari jela kukupita wewe. Mlango ulikuwa umeshafungwa, nikafunga na madirisha, chakula napitisha kwa mlango wa nyuma, nagonga, nakimbia. Siku moja Shangazi akaniita kupitia kitasa. Akasema, "Baba, sasa hata mwanga una korona?" Nikamwambia ni tahadhari. Akasema sawa, cherehani ikaendelea kulia.

Kisha siku moja cherehani ikanyamaza.

Nilidhani ni uzi umekatika. Ikalia kidogo, ikanyamaza tena, na kesho yake vilevile. Kumbe alikuwa anaacha kukanyaga pedali ili asikilize. Anamsikiliza Mwalimu, yule mstaafu wa nyumba inayotazamana na yetu. Unajua Mwalimu haisikilizi redio, anagombana nayo. Kila asubuhi anamsahihisha mtangazaji kwa sauti, na Shangazi anamjibu toka kwake kwamba amwache mtu wa watu afanye kazi. Miaka yote hiyo ndiyo ilikuwa saa yetu ya mtaa. Siku tatu mfululizo, kimya.

Kumbe binti wa Mwalimu naye alikuwa amemfungia baba yake. Amri ni zako zilezile, mimi ndiye niliyezisambaza kwa bidii baada ya msiba. Shangazi akaniambia nifungue dirisha na nikamlete Mwalimu kibarazani. Nikakataa.

"Nani kakataza?"

"Mwanao."

"Na wewe?"

"Mimi zamani nilisema tufungue. Sasa nasema tufunge."

"Na mimi nimesema nini?"

Binamu, kweli. Hatukumuuliza. Wewe na mimi tulirushiana maneno wiki nzima juu ya mtu mwenye miaka themanini na moja na meno yake karibu yote, na hakuna aliyemuuliza.

"Mmenigombania kama kitambaa mezani," akasema. "Huyu anataka sketi, yule anataka gauni. Mafundi gani nyie, mnamkatia mtu hamjampima. Fungua dirisha."

Nikafungua. Alikuwa ameshavaa barakoa. Akanitupia futi yake, ule utepe wa kupimia, na kipande cha chaki, akaniamuru nichore mita mbili toka kizingiti chake mpaka kitakapokaa kiti cha Mwalimu, kule nje kwenye hewa. Futi ya kushonea ni sentimita mia na hamsini, kwa hiyo nikailaza mara mbili: mara ya kwanza mpaka mwisho, mara ya pili mpaka hamsini. Nikachora mstari mnyoofu, nikasimama kando nisifiwe.

"Hiyo si mita mbili," akasema toka dirishani.

"Shangazi, mimi narudisha nyuma lori la tani thelathini kati ya kuta mbili."

"Ndiyo maana lina mikwaruzo. Angalia futi inaanzia wapi."

Inaanzia kumi. Cheka tu. Umekulia chini ya meza ile, usingesahau. Ni ile futi aliyoikata kichwa mwenyewe, enzi za yule fundi jirani mwenye tabia ya kuazima asirudishe. Siku aliposahau ya kwake nyumbani kwa bwana harusi, akaja kuazima ya Shangazi, akakata suti kwa vipimo vilivyo daftarini bila kuangalia namba ya mwanzo. Bwana harusi aliingia ukumbini mikono ya koti imeishia karibu na viwiko, na toka siku hiyo hakuna aliyeazima tena. Shangazi anajumlisha kumi kichwani. Mimi nililaza mara mbili, kwa hiyo nikapunguza ishirini.

"Sentimita ishirini za uhai wangu umezitia mfukoni," akasema. "Zirudishe."

Nikapima upya. Na yeye alikuwa ameliona kosa hilo kwa macho, kwa mbali, juu ya barakoa.

Binti wa Mwalimu alisimama mlangoni kwao amefunga mikono kifuani. Akasema nesi wa kwetu amekataza. Shangazi akamwambia nesi huyo kamzaa yeye. "Mtoe baba yako, nasikia suruali inamwanguka. Nataka kumpima."

"Utampima vipi bila kumgusa, Mama?"

"Nimeuvalisha mtaa huu miaka hamsini na sita. Mtoe."

Mwalimu akatoka. Binamu, nilishtuka. Mtu yule mnene wa sauti alikuwa amebaki kola na miwani, ameshika suruali kwa ngumi isimwache. Akakaa kwenye kiti nyuma ya mstari. Nikamfungulia Shangazi mlango, akaketi kizingitini pake, akamtazama vile anavyokitazama kitambaa kabla ya mkasi. Akaandika namba kwenye karatasi. Nilidhani atamuuliza hali. Hakumuuliza.

"Mwalimu, leo mtangazaji kasema 'masaa' mara tano, na hakuna aliyemkemea."

Mzee akainua kidevu polepole. "Sita," akasema. "Nimehesabu."

Binti yake akageuka akaingia ndani haraka, na mimi nikajifanya naikagua chaki.

Suruali ilikwisha siku ya pili. Namba aliyoiandika Shangazi ni kiuno inchi thelathini, na binti alipompima baba yake ndani ilikuwa thelathini kamili, bila kupungua wala kuzidi. Kwa macho, toka mita mbili. Mimi nimeona majabali yakipasuliwa kwa baruti na madaraja yanayofunguka meli ipite, lakini hilo nitalihadithia kila nitakapotia mafuta. Sasa sikia. Suruali yenyewe kaishona thelathini na sita. Nikamwambia kwa upole kwamba uzee umeanza kumchezea. Akanitazama.

"Thelathini na sita ndiyo saizi ya Mwalimu. Ile nyingine ni ya kukaa peke yake, siishonei nguo."

Kiunoni alikuwa ameweka mikunjo minne ya uzi mrefu ili ikae kwa sasa. Akiongezeka, binti anafumua mmoja. Mpaka leo asubuhi imefumuliwa mitatu.

Kila siku saa nne wanakaa, huyu kizingitini, yule nyuma ya chaki, redio katikati. Mvua ikinyesha kila mmoja ana mwavuli wake na ugomvi unaendelea. Mtu mwingine hasogei. Mikono inaoshwa. Fundi Viatu wanamtaja, na wakimtaja Mwalimu anapandisha sauti ya redio.

Mengineyo: nimejifunza kushona barakoa. Ya kwanza Shangazi kasema ni foronya.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Ufunguo nimemrudishia mama yako. Usirushe barua. Mlango anaufunga mwenyewe, na kwa kweli anaufunga kuliko mimi. Kasema haendi sokoni, haendi msibani wala harusini, hatavuka chaki mpaka chanjo ifike, na hiyo ni kauli yake, hakupangiwa na mtu. Ukiwa na ushauri, mpigie yeye. Anataka kuusikia wote, kisha atachagua.

Kesho Jumatatu narudi barabarani, mipaka imefunguliwa kwa mizigo. Kwa mzee hakuna mtu wa hatari kama dereva, hilo sasa nalijua. Binti wa Mwalimu atampelekea Shangazi mahitaji. Nikirudi nitalala ndani ya lori pale getini siku kumi na nne. Shangazi ameshanichorea mstari wangu: mita nne. Kasema mvuka mipaka apimwe mara mbili.

Jambo jingine. Kila ukipiga simu ya picha, kumbe anakupima. Anasema umepungua saizi mbili toka ugonjwa huu uanze, na hujamwambia. Hakuwa na hasira. Kauliza tu kama huko wauguzi wanapewa muda wa kula. Kuna gauni kwenye cherehani, la saizi yako ya zamani, lina mikunjo minne. Halitumwi. Utalifuata mwenyewe.

Sasa toa kile kipande. Ndicho kichwa cha futi, sentimita zile kumi, alizitunza kwenye kopo la vifungo miaka yote. Nilipomwambia nakuandikia barua ndipo akakitoa. Akasema, "Mwambie futi yangu haifiki aliko. Kichwa akae nacho yeye. Akija tutakiunga, nipime mtu kuanzia moja."

Nisalimie shemeji, pacha wote wawili, na mama mkwe wako anayenicheka bila kuelewa lugha yangu. Mwalimu anakusalimu na anaomba uandike Kiswahili fasaha kwenye jibu. Mungu ailinde mikono unayowashikia wagonjwa, na akurudishe nyumbani ukiwa na kiuno chako.

Ni mimi nikupendaye umbali wote huo, bila kupunguza hata sentimita,

Binamu yako Mzee wa Mipaka.