Ukuta wa Sebuleni kwa Mwalimu Panzi

Leo umetimia mwaka, Baba, tangu ulipotuacha, chai yako ikiwa bado ya moto mezani.

Wanafunzi wako walikuita Mwalimu Panzi kwa sababu ya lile boksi la viatu lenye matundu ulilolibeba kwenda darasani, wadudu wakirukaruka ndani. Hata nyumbani hukuua mdudu. Ulimfunika kwa bilauri, ukamtoa nje, ukamwomba radhi kwa usumbufu.

Somo lako ulilolipenda tulilijua kwa moyo. Panzi wa aina moja, ulisema, mto ukiwagawa wasikutane tena, kila upande utabadilika kivyake, kidogo kidogo, kizazi hadi kizazi. Mwisho hata mto ukikauka hawazaliani. Wamekuwa spishi mbili. "Na hakuna aliyewagombanisha," ulikuwa unamalizia. "Hawakukutana tu."

Tulipokuuliza habari za urithi ulicheka. "Urithi si mmeshaupata? Umechomoza vichwani mwenu, kushoto na kulia." Ulimaanisha masikio yako. Tukaona unaleta masihara.

Tunaona haya kukwambia tulichofanya sisi wanao wawili. Udongo wa kaburi lako haujakauka, tukaanza kugombania nyumba. Tulipochoka kutukanana tukamwita fundi, akajenga ukuta katikati ya sebule, juu ya pale kilipokuwa kiti chako. Dada upande wa jikoni, Kaka upande wa barazani. Siku matofali yalipoletwa, Mama alifunga nguo zake akahamia kwa mdogo wake. Hatusalimiani. Tunachofanya ni kutegesha masikio yako ukutani, tusikie wenzetu wanatusema nini.

Juzi mjukuu wako, binti wa Kaka, aliambiwa darasani atoe mfano wa viumbe wa aina moja waliotenganishwa. Akajibu, "Sisi na kina shangazi." Wenzake wakacheka. Mwalimu wake, ambaye wewe ndiye uliyemfundisha, hakucheka. Alikuja kutuambia, akasimama nje, hajui abishe mlango upi.

Tulitamani ardhi ipasuke, Baba.

Fundi yuleyule anarudi Jumamosi. Bado tunabishana kama avunje ukuta wote au atoboe mlango tu, lakini sasa tunabishana tukitazamana.

Tunaokukumbuka ni binti yako wa upande wa jikoni, mwanao wa upande wa barazani, wajukuu zako wa pande zote mbili, na Mama, anayesema atarudi siku atakayoikuta sebule moja.

Hatutakusahau kamwe. Masikio ulitupa, Baba. Kusikia ndiko tulikochelewa.