Wageni wa Malugu

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika kwa wino kidogo wa shule uliobaki, na sijui kama barua hii itakukuta mtu huru.

Unakumbuka ulipokuwa bado karani wa boma la serikali, ukija nyumbani siku za mapumziko? Tulikaa juu ya paa la tembe penye mtama ulioanikwa, kitabu changu kati yetu. Mimi nilisoma haraka ili nimalize. Wewe uliweka kidole kwenye jina la mtu wa zamani.

"Huyu kafuata nini hapa?"

"Ni mfalme, mjomba."

"Sikukuuliza ni nani. Nimekuuliza yalimpata nini. Mwandishi hamwiti mtu wa zamani bure."

Kisha ulinijaribu kwa Malugu, yule wa hadithi ya bibi, isiyojulikana nje ya nyumba yetu. Malugu alipika pombe, akawaita wanawe wawahudumie wageni. Pombe ilipokwisha, wageni waliwateka wanawe, wakaondoka nao. Mkewe tu alitoroka na mtoto wa mwisho. Ulinifanya nitaje mahali alipojificha, tena na tena, mpaka ukaridhika.

Vita hivi vya Wazungu vilipoanza, ikaja barua yako. Niliisoma uani mbele ya majirani: "Wageni wa serikali wanakuja. Wapokeeni kama Malugu alivyowapokea wageni wake." Niliona haya kutazamwa na watu wengi, nikasoma mbiombio. Baba akauliza maana yake. Nikasema Malugu alikuwa mkarimu.

"Basi tupike pombe," akasema baba.

Walikuja askari wenye kamba, wakiongozwa na akida wa serikali, wakitafuta wapagazi, wakawakuta wanaume wote wamekusanyika penye pombe. Kaka alinusurika kwa kuwa alikuwa malishoni Bahi na ng'ombe. Baba alipokuwa anafungwa mikono, maneno yalinitoka: "Kumbe ndio wageni wa Malugu."

Akida akageuka. "Malugu ni nani, binti?"

Nami, kwa mazoea ya darasani, nikajibu nilipoulizwa: nikamsimulia Malugu na wageni wake, na kwamba wewe ndiye uliyemtaja katika barua. Akaichukua barua yako. Tangu siku ile hatukusikia habari zako, wala za baba. Mwalimu akiniuliza swali sasa, natazama kwanza nani anasikiliza.

Jana imefika barua nyingine yenye jina lako. "Mimi ni mzima. Mleteni kijana boma, nimemtafutia kazi nzuri." Mama alilia kwa furaha. Kaka akajipaka mafuta, akatafuta shuka safi. Mimi niliisoma mara tatu, polepole, nikitafuta. Malugu hayumo. Hayumo mtu yeyote wa zamani, nawe hutuandikii bila mmoja wao.

"Hii haikuandikwa na mjomba," nikasema.

Kaka akacheka. "Msomi wetu huyo. Si wewe uliyetufanya tupike pombe?"

"Ni mimi. Ndiyo maana leo sikusoma haraka."

Hakucheka tena. Mama akaichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu, ingawa hajui kusoma. Kisha akaenda kufunga mizigo.

Barua hii naiacha katika tundu la ukuta tulimokuwa tunaweka kitabu. Siifungi, maana atakayeikuta kabla yako ataifungua tu. Na aisome. Tunakwenda alikokwenda mke wa Malugu. Akida hakuniuliza habari za mke, nami sikumwambia.

Kwa heri, mjomba. Nisamehe kwa lile jibu. Ukiachiwa, njoo peke yako, na uhakikishe nyuma yako hakuna mtu.

Mpwa wako, uliyemfundisha kusoma