Ukuta wa Jocelyne Umekauka

Kip,

Chapati ziko kwenye sufuria, maharagwe kwenye friji. Acha dirisha la chumbani wazi, na tafadhali usipake rangi juu ya ule unyevu wa ukutani. Itabambuka tena kama ile ya Krismasi.

Asubuhi ulipokuwa unaoga, Jocelyne wa ghorofa ya chini alileta brashi yako ya chuma. Uso wote kicheko. "Mwambie papa ukuta yangu imekauka kabisa! Jumamosi mbili tu! Merci sana kwa papa."

Najua kwao Kongo kila mwanamume wa heshima ni papa. Hata pale mlangoni nilijua. Lakini jinsi alivyolitamka, eish! Nikamkaribisha chai.

Wewe uliniambia unaenda kumsogezea kabati. Kabati gani la Jumamosi mbili? Kuhusu ukuta wetu ulisema tusubiri baridi kavu ya Juni, utakauka wenyewe. Na mimi kila jioni naupangusa kwa jiki kama mtoto mwenye homa.

~~Leo nalala kwa rafiki yangu Apondi, kule Turffontein.~~ Hapana. Narudi saa moja, hapa ni kwangu pia.

Ila tangu mvua zianze mimi ndiye ninayelala upande wa ukuta, na hujawahi kuuliza kwa nini naamka nguo imelowa mgongoni. Kuanzia leo upande huo ni wako.

Mkeo
(wa pekee, natumaini)