Tiketi ya Kumwona Mama

Jumapili, baada ya kanisa. Mawingu yamejaa upande wa ziwa na mvua haitaki kunyesha. Nimekaa kwenye baraza hapa Migosi, mtaani Kisumu, nguo ziko kwenye kamba, na nina wivu.

Naandika neno hilo mapema kabla sijaanza kulizungushia maneno mengine. Wivu. Si wa mume, wala si wa gari la jirani. Namwonea wivu mtoto wa watu, wa miaka kama saba hivi, mwenye miwani ya jua ya rangi ya waridi.

Mambo yalianza Jumanne kwenye ofisi ya walimu. Tunatafuta mahali pa kwenda safari ya kufunga muhula, na Madam Fridah akaja na simu yake. Kuna kampuni inayobeba watalii kwa meli kutoka Kisumu hadi ng'ambo ya ghuba, upande wa Kendu Bay, kwenye ufuo ambao siku hizi wanauita bandari. Ati bandari! Ufuo huo naujua. Ni kwetu. Nilizaliwa hatua chache kutoka hapo, na enzi hizo kilichokuwa kikitia nanga ni mitumbwi ya omena tu, dagaa wetu wa ziwani.

"Madam, wewe si ni mtu wa huko?" Fridah akaniuliza. "Tuambie kama kunafaa, ama ni picha tu. Na huyu shosho unamjua? Huyu shosho ni mtamu, wacha tu!"

Akanionyesha video. Bibi kizee ameketi mbele ya nyumba ya nyasi, amevaa shanga, anasimulia hadithi huku wageni wamemzunguka. Nikaitazama mpaka mwisho.

Nikasema simjui.

Ni mama yangu mzazi. Mbele ya walimu tisa na birika la chai nimemkana mama yangu, na mpaka leo sijaweza kujieleza kwa nini. Aliwahi kuniambia kwenye simu kwamba kampuni fulani imempa kazi kidogo. Mimi nilikuwa nasahihisha insha, nikasema "vizuri, Mama," nikaendelea na kalamu yangu nyekundu.

Kilichonichoma ni kwamba video ile ilipigwa mchana. Jua liko utosini na Mama anasimulia hadithi! Kwetu hadithi ni za usiku. Watoto hulala katika nyumba ya bibi, tunayoiita siwindhe, na hadithi huanza chakula kikishaliwa. Ukisimuliwa mchana utadumaa, ndivyo tulivyoambiwa. Mimi siwindhe sikulala hata usiku mmoja. Nilipelekwa Maseno kwa shangazi nikiwa darasa la tatu, kwa ajili ya masomo, na kila likizo kulikuwa na masomo ya ziada. Baadaye nikawa mwalimu, nikawa mke, nikawa mtu wa kufika kwa Mama saa tano asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri. Kila mara nikimwomba hadithi, Mama alikuwa akinijibu vilevile: hadithi haziambiwi mchana, ngoja usiku. Na usiku mimi niko Kisumu. Binti yangu Hawi ana miaka tisa na hajawahi kusikia hata moja kutoka kinywani mwa bibi yake.

Kumbe ukiwa na tiketi unaambiwa tu.

Basi jana nikakata tiketi. Walimu niliwaambia naenda kuwakagulia mahali. Uongo. Nilienda kutafuta ubaya. Nilitaka kurudi Jumatatu niseme, "Msijisumbue, hakuna kitu huko, ni biashara tupu," na nikae nimetulia.

Na ubaya niliupata, haki. Wamepanda minazi! Kwetu, minazi! Imeletwa ikiwa mikubwa, imesimama pale kama wageni waliokosea harusi. Vijana wa kijiji wamevalishwa vikoi na kofia za pwani, wanatusalimia "jambo, jambo", vijana ambao baba zao nilicheza nao mpira wa matambara. Kinywaji unaletewa ndani ya nanasi. Samaki anauzwa bila kichwa, na mtu wa ziwa anayekata kichwa cha samaki akakitupa anahitaji maombi. Niliandika yote kwenye simu yangu, moja baada ya jingine, na nilikuwa na furaha mbaya sana.

Kisha tukapelekwa kwa "Dani", yaani bibi.

Nilikaa nyuma kabisa, kofia imenifunika hadi kwenye nyusi. Mama alitoka amejipaka mafuta, anang'aa. Amezeeka kuliko nilivyokuwa nimembeba kichwani. Akamwita yule mtoto wa miwani ya waridi, ambaye amekuja na wazazi wake kutoka Nairobi, akamkalisha kwenye mkeka karibu na goti lake. Akamwita *nyakwara*. Mjukuu wangu. Akawa anamshika nywele huku anasimulia habari za sungura na fisi, anacheka, anaimba, anaiga sauti ya fisi mpaka watu wazima wakashika mbavu. Sikujua mama yangu anaweza kuiga sauti ya fisi. Nina miaka arobaini na mbili na sikujua.

Nilitamani kumsukuma yule mtoto pale kwenye mkeka nikae mimi. Naandika hivi bila aibu, kwa sababu aibu yangu yote iliishia Jumanne.

Hadithi ilipoisha wageni wakaenda kwenye chakula. Mimi nikabaki nikijifanya nafunga kamba za viatu. Mama hakugeuza hata shingo.

"Vua hiyo kofia, joto litakuua," akasema. Alikuwa ameniona tangu nashuka melini. Tulizungumza Kiluo, lakini hapa nakiweka kwa Kiswahili.

Akaniuliza kama nimelipa. Nikasema nimelipa. Akaniuliza mara ya pili, taratibu, kana kwamba hakusikia.

"Umelipa watu wale getini ili uje unione mimi? Njia ya kupitia kwenye mtama si iko pale pale?"

Badala ya kumjibu nikatafuta ugomvi. Nikamwambia kwamba mimi amenikataza hadithi za mchana miaka yote, leo anawagawia watu wa minazi. Nikamwambia kwamba Hawi ndiye nyakwara wake, si yule mwenye miwani. Sauti yangu ilipanda, na mpishi mmoja akachungulia.

Mama hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Zile si hadithi, nyathina, mwanangu," akasema. "Zile nazitunga asubuhi nikioga. Leo sungura, kesho kobe. Ni za wageni. Zile zenyewe ninazo zote, hazijapungua hata moja. Mwenye kuja kulala ndiye sijamwona."

Nilikuwa na sababu zangu, ninazo siku zote: mbu, kifua cha Hawi, vipindi vya Jumatatu. Meli ikapiga honi. Na mimi, mtoto wa boma lile, nikaenda nikapanga foleni na wageni wengine. Mama akatupungia mkono sote kwa pamoja, kama anavyolipwa kufanya.

Yule mtoto alilala njia nzima, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Nikamwonea wivu tena.

Kesho nitawaambia walimu waende. Nitawaambia minazi ni ya uongo na samaki hana kichwa, ila shosho ni wa kweli, na kwamba ni mama yangu na nilisema uongo. Fridah atacheka, kisha hatacheka. Sijui nitaanzaje sentensi hiyo, lakini nitaisema kabla chai haijamiminwa. Kuwanyima walimu safari hakutanipa usiku hata mmoja.

Saa hii nimetoka kumpigia Mama. Nimemwambia nataka kuja na Hawi, tulale. Nikasema tutakuja Ijumaa.

"Ijumaa haiwezekani," akasema. "Jumamosi nina wageni, lazima nilale mapema. Njooni Jumapili."

Ebo! Kwa mama yangu mzazi napangiwa zamu nyuma ya watalii. Nikasema sawa, Mama. Nikakata simu nikalia, Hawi akaniuliza ni nini, nikamwambia ni vitunguu, ilhali jikoni hakuna anayepika.

Jumapili usiku maana yake Jumatatu sitafika shuleni. Kesho nitamwomba mwalimu mkuu ruhusa, na najua atauliza kwanza ni nani amefariki, kwa sababu ruhusa zote nilizowahi kuomba zilikuwa za matanga. Hii itakuwa ya kwanza kwa ajili ya mtu aliye hai.